Pete Nne za Houda

Mi si mtu wa kununa. Nikikasirika nasema, nikimaliza kusema nakula. Lakini Uthmani amenifanya ninune, na nitanuna mpaka siku ya kuzikwa.

Nakereza vyuma hapa mtaani Jabe. Uthmani ni fundi magari, na tumegawana uwanja huu mmoja miaka ishirini na sita. Binti yangu Houda ana Toyota anayobebea watoto wa shule wa Kanyosha. Jante zake, yaani rimu za magurudumu, zilipoliwa na kutu, Uthmani akamtafutia nne za Nissan, nzima kabisa. Matundu ya bolti yalilingana, ila tundu la katikati la zile za Nissan lilikuwa kubwa. Ukifunga hivyo hivyo, gurudumu halikai sawa, uzito wote unabebwa na bolti. Dawa yake ni pete ya kuziba ile nafasi. Basi nikamkerezea mwanangu pete nne za aluminiamu, kila moja nikaigonga herufi H kwa ndani. Nikampa Uthmani mkononi, nikaenda zangu kuswali adhuhuri. Niliporudi, magurudumu yalishafungwa.

Sasa hapa uwanjani tuna sheria yetu. Kazi aliyoifunga mwenzako huifungui. Ukiifungua, umemwita mwizi mbele ya wateja.

Wiki ya kwanza Houda akaniambia, "Baba, usukani unatetemeka." Nikamuuliza Uthmani.

"Ni ile barabara ya Kanyosha, ndugu yangu," akasema. "Mashimo matupu."

Wiki ya pili Houda akarudia. Nikamwambia apunguze mwendo. Mara ya tatu nilimfokea, tena mbele ya Uthmani. Nikamwambia asimfundishe kazi mtu aliyempakata akiwa mchanga. Uthmani alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa, akacheka kidogo.

Jana mchana akaja Hyacinthe, mtumishi wa serikali anayekaa Ngagara. Naye ana Toyota yenye jante za Nissan, na tairi moja ilikuwa imetoboka. Uthmani alikuwa ameenda kutafuta vipuri, kwa hiyo Hyacinthe akafungua gurudumu lake mwenyewe.

"Muzee Massoudi," akaniambia, "mi sijakushukuru bado. Pete zako ni nzuri sana. Uthmani alisema unazo za akiba."

Sijawahi kuweka pete ya akiba tangu nianze kazi hii. Niliinama nikachungulia, nikaiona H yangu.

Nikampigia Houda. Simu inaita, haipokelewi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha asipokee simu akiwa anaendesha, na saa ile alikuwa barabarani na watoto saba. Nilipiga mara kumi na moja. Nikakaa chini kwenye vyuma chakavu, mzee mzima, nikawa namwomba Mungu kwa sauti na wateja wananiangalia.

Houda akaja taratibu, watoto ameshawashusha. Kabla hajazima gari nilikuwa nimeshika spana. Uthmani naye akawa ndiyo anaingia.

"Massoudi, unafungua kazi yangu?"

Nikaendelea kufungua. Gurudumu la mbele kushoto halikuwa na pete. Bolti mbili kati ya tano zilikuwa zimekatika, na ya tatu ilibaki mkononi mwangu.

"Hyacinthe alikuwa na haraka," Uthmani akasema. "Ni mutu wa kuniletea magari ya ofisi. Nilisema nitakuomba ukereze zingine."

"Na ulijua zile ni za Houda?"

"Nilijua."

"Ulimwona anakuja hapa mara tatu, Uthmani. Hukuogopa kwamba nitafungua?"

Akaangalia pembeni. "Apana," akasema. "Nilijua we hutafungua."

Wallahi nilitaka kumpiga na ile spana. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja, na yeye upendo huo ndio aliofichia uchafu wake. Houda akanishika mkono, akaichukua spana, akachuchumaa kwenye gurudumu la pili akaanza kufungua nati mwenyewe.

"Mwanangu," nikamwambia, "acha nikufungulie."

Hakugeuka.

"Apana, Baba. Mi nilikwambia mara tatu. We ukaenda kumuuliza yeye."