Hasira au Wasiwasi

Mwalimu wa darasa la kwanza hakuweza kukaa. Alifuta ubao uliokuwa msafi, akafungua dirisha, akalifunga tena. Mama yake Kimya alikuwa ametoka hapo sasa hivi, amefura: mtoto ameota mdomo, na baba yake anakuja mwenyewe kuuliza anafundishwa nini.

Kimya ni jina alilopewa na wenzake. Alipoanza shule, kila kitu kwake kilikuwa "kile". Kile kimeanguka, nataka kile. Ndipo mwalimu akaanzisha mchezo: mtoto anaingiza mkono katika mfuko wa vitu, anaeleza anachokishika bila kukitaja, wenzake wanabahatisha. Kinakwaruza. Kinateleza. Kimebonyea. Maneno yakaanza kumtoka Kimya moja moja, kisha yakafululiza.

Baadaye wakahamia mambo ya moyoni. Mtu aliyenuna anakuwaje? Mwenye wasiwasi je? Kimya alisimama, akatembea huku na huku, anakaa, anainuka, anachungulia mlangoni. Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka, yule mtoto alikuwa anamwiga mtu.

Jioni hiyohiyo, kwa maelezo ya mama, Kimya alimkabili baba yake mezani na swali ambalo nyumba nzima ilikuwa inalikwepa. Baba akasukuma sahani, akatoka nje.

Sasa baba huyo alikuwa mlangoni mwa darasa, fundi wa kuchomelea, shati lina matundu ya cheche. Alikataa kiti. Mwalimu alianza kuomba radhi, akababaika.

"Aliniuliza, 'Baba, una hasira au una wasiwasi?'" fundi alisema. "Mwalimu, muda wote huu mimi mwenyewe nilidhani ni hasira."

Akaeleza kwa kukatakata, huku akitembea kati ya madawati, kwamba karakana ilishafungwa. Kila asubuhi huaga anakwenda kazini, kisha huzurura mpaka jua lizame. Mkewe hajui.

"Nimeanza na wewe," alisema, "nione kama maneno yatatoka."

"Yametoka, baba. Nenda ukamwambie mwenzio."

Aliondoka bila kuaga. Mwalimu hakupata utulivu mpaka kesho yake, mama aliporudi, macho yamevimba. Alisema hajamsamehe mumewe, kudanganywa hivyo si jambo dogo. Ila nyumbani sasa watu wanaongea, alisema, tena wanaongea kupita kiasi, na Kimya ndiye kinara.