Kwa Mkono Tu

"Kra!"

Mama Pacha aliusikia mlio ule akiwa jikoni, na kabla hajaitua sufuria alishajua. Akachukua fimbo yake, akauburuta mguu hadi bafuni. Mumewe alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya jakuzi, makalio juu, spana ndefu mkononi, maji yakimtiririkia kwapani.

"Umekivunja tena."

"Kimevunjika chenyewe! Plastiki gani hii? Takataka tupu!"

"Ahaa, chenyewe! Kimejikaza chenyewe, kikajinyonga chenyewe, wewe ulikuwa unapita tu."

Mtaani walimwita Mzee Spana. Maisha yake yote alikuwa fundi wa malori, na nati iliyowashinda wengine ililetwa kwake. Sifa hizo ndizo zilizomlevya. Jakuzi lililetwa na mabinti zao pacha baada ya mama yao kupasuliwa nyonga. Kila jioni Mama Pacha alijitumbukiza humo, maji ya moto yakambubujikia kiunoni, na akitoka hapo alilala usingizi wa pono. Ndipo siku moja likaonekana tone, pale bomba linapoungana na pampu, kwenye kiungio cha plastiki chenye nati pana kama kifuniko cha dumu. Tone tu, jamani! Ilikuwa kufungua, kuufuta mpira wa duara uliomo ndani, na kurudisha. Mzee Spana akaja na spana. Kra. Kikanunuliwa kingine, na leo nacho ndicho hicho, vipande viwili sakafuni.

Tangu tone lile, jakuzi lilikuwa kavu, na Mama Pacha hakulala. Alikesha akigeuka huku na huku, meno kwenye mto, na pembeni yake mwenye spana anakoroma.

"Naita fundi," alisema.

"Fundi? Aingie nyumbani kwangu mimi? Watu watasemaje?"

"Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Katika nyumba hii asiyesikia ni wewe, guu linaloumia ni langu! Haki iko wapi?"

Mzee akaanza kupangusa maji. Mama Pacha akajitanda khanga, akaapa kwamba kingine kikivunjika ataita fundi, akatoka na fimbo yake hadi dukani, hatua moja, tusi moja. Muuza duka alipomwona tena alishindwa kujizuia.

"Mama, hivi viungio mnavila?"

"Nipe kingine, na domo lako ulifunge."

Kijana wa watu akampa, akamsindikiza mpaka mlangoni. "Kwa mkono tu, mama. Vidole vikisema basi, inatosha. Chombo kisiguse."

Aliporudi, alikwenda moja kwa moja bafuni. Aliiokota spana, akaitupa nje kupitia dirishani, ikalia kwenye zege la uani.

"Wewe mwanamke una wazimu? Spana yangu!"

"Leo ni kwa mkono. Umesikia? Kwa mkono!"

"Nimekaza magurudumu ya malori yanayobeba mawe, leo nifundishwe na..."

"Mimi si lori!" Mama Pacha alipaza sauti hadi ikapasuka. "Ni mkeo! Ninaumwa! Kaza hicho kitu, au niende kulala kwa wanangu, ubaki hapa ukorome na malori yako!"

Mzee alikipokea kiungio. Akapiga magoti, akampa mgongo. Nati ikamponyoka, ikabingirika hadi kwenye fimbo ya mkewe.

"Ina mafuta," alisema.

Mama Pacha akairudisha kwa ncha ya fimbo. Ikamponyoka tena. Safari hii mzee hakusema kitu, na hilo ndilo lililomfanya mkewe ainame juu ya bega lake kuchungulia. Vidole vilikuwa vimeizunguka nati, lakini havikuishika. Vilitetemeka tu, vimekakamaa, na kile cha shahada kilichongoka pembeni kana kwamba si chake.

Akakumbuka kikombe cha chai kinachobebwa kwa viganja viwili. Akakumbuka shati lisilofungwa vifungo, na yeye akimsimanga kila asubuhi: mzee mzima, kifua wazi kama mhuni.

"Tangu lini?"

"Tangu zamani kidogo."

"Ndiyo maana ya spana."

"Spana ina mkono mrefu," alisema mzee, macho kwenye vigae. "Haihitaji vidole."

Mama Pacha alitaka kulia, lakini hasira ikawahi. "Yaani umeniacha nikeshe naumwa, viungio vinavunjika, kwa sababu ya kuficha vidole? Unifiche mimi? Mimi ninayekufulia nguo za ndani? Sogea huko!"

Akashuka chini mwenyewe, nyonga ikampiga kama moto, akamlaani mzee, akailaani plastiki, akawalaani na waliotengeneza sakafu. Aliufuta mpira wa duara kwa ncha ya khanga, akaupachika. Mzee akaliegemeza bomba kwa kiganja ili lisicheze. Mama Pacha akazungusha nati mpaka vidole viliposema basi. Kisha wakainuana, yeye akimshika mzee viwiko, mzee akimshika kwapani, wakihema.

Maji yakafunguliwa. Wote wawili wakainama kukitazama kiungio. Kikavu. Jakuzi likajaa, likaanza kububujika.

"Ingia basi," mzee alisema. "Ni zamu yako."

"Tia mikono."

"Ah, hilo ni lako, mimi..."

"Tia mikono, kabla sijakutia mzima na viatu!"

Mzee akaketi ukingoni, akaizamisha mikono mpaka kwenye vifundo. Akashusha pumzi ndefu, mabega yakamlegea. Mama Pacha akajisogeza karibu, akaanza kumfunga vifungo vya shati, kimoja kimoja, kutoka chini.

"Na usidhani yamekwisha," alimwambia. "Bado nina hasira."

"Najua."

"Inua kidevu."