Waziri Aliyeinyamazisha Ngoma

Katika nchi ya Matopeni, Mfalme Kiboko alitawala ameketi na raia walitawaliwa wamesimama. Ila kwa siku kumi kila baada ya mavuno, wote waliketi pamoja katika Jumba la Ngoma kulitazama Kundi Kuu likicheza. Wageni walivuka mto kutoka nchi jirani. Ndege minana walishona mavazi, Punda walibeba mizigo, Kanga waliuza uji tangu alfajiri. Hata Nyati na Pundamilia, ambao mwaka mzima hawakusalimiana, walicheka wameketi benchi moja.

Waziri wa Hazina, Nguchiro, aliyajua hayo kuliko yeyote. Alizunguka sokoni mwenyewe, akauliza, akaandika: nusu ya soko ilikuwa ikiishi kwa ngoma.

Mwaka ule wachezaji waliigiza mfalme mnene aliyekalia kisima huku akishangaa kwa nini raia wana kiu. Watazamaji walicheka hadi machozi. Mfalme Kiboko hakucheka. Kesho yake akaitisha baraza.

Kabla ya kikao, Mama Korongo, kiongozi wa kundi, alimfuata Nguchiro mlangoni. Ndiye aliyemlea alipofiwa na wazazi.

"Mwanangu, sikuombi ututetee. Sema tu ulichokiona sokoni."

"Nitasema, mama."

Barazani Mfalme aliuliza, "Hawa warukaji wana faida gani kwangu?"

"Kelele tu, Mtukufu," alijibu Fisi, mkuu wa walinzi. "Na lile jumba lingefaa sana kuwa bwawa lako la kuogea."

"Waziri wa Hazina, unasemaje?"

Nguchiro alikuwa na karatasi yake kwapani. Alimtazama Fisi, akayaona meno yake.

"Ni gharama, Mtukufu," alisema. "Hawaingizi kitu."

Mama Korongo, aliyesimama nyuma, alisikia kila neno. Aliinamisha kichwa kama aliyepokea habari za msiba.

Siku hiyohiyo kundi likafukuzwa nchini, walinzi wakilikimbiza hadi mtoni. Jumba likajazwa tope.

Mavuno yaliyofuata, hakuna mgeni aliyekuja. Kanga wakazima meko, Minana wakahama. Nyati na Pundamilia wakagombana kisimani, na safari hii wakauana. Nguchiro alipopita sokoni alitazama chini. Kila aliyemsalimia kwa heshima alimwongezea aibu. Hatimaye akasimama barazani bila kuitwa.

"Mtukufu, nilikudanganya. Nilikuwa na ushahidi, nikauficha kwa woga."

Mfalme akapiga mwayo. "Hukunidanganya. Uliniambia nilichotaka kusikia. Sasa nataka ngoma, sherehe ya utawala wangu imekaribia. Nenda kawarudishe."

Nguchiro akavuka mto. Akamkuta Mama Korongo akiwafundisha watoto wa ugenini kucheza. Akapiga magoti.

"Nisamehe, mama."

"Nilikusamehe zamani. Wewe ni mwanangu, ningefanyaje? Lakini ngoma ya mavuno haipo tena. Midundo yake aliijua mzee Kobe peke yake, na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kutufundisha. Hakuuweza mwendo ule mliotukimbiza. Tulimzika njiani."

Nguchiro alitaka kulia, akaona hana haki hata ya machozi.

Siku ya sherehe, kwa kuwa kundi halikurudi, walinzi wa Fisi walipiga madebe uwanjani na kuruka kwa amri. Raia wakaamriwa kupiga makofi, wakapiga. Nguchiro, aliyeketi kando ya Mfalme, naye akaanza kupiga. Kisha akaitazama mikono yake ikigongana, akaishusha. Akainuka, akapita mbele ya kiti cha enzi bila kuomba ruhusa.

"Waziri! Unakwenda wapi?" Mfalme akanguruma.

Akazidi kwenda. Nyuma yake alisikia benchi likianguka, halafu jingine, halafu kishindo cha kwato na mabawa. Uwanja mzima ulikuwa ukitoka nyuma yake. Hakugeuka kuwatazama, kwa kuwa alijua hastahili kufuatwa.