Daftari la Rangi la Induben

Mke wangu Orpah na mimi tulikubaliana kuiita safari ile likizo. Ilikuwa Agosti 1956, na shule ninayofundisha Mbale ilikuwa imefungwa. Tulisema tutakaa Jinja siku sita, tutakula hotelini na kutazama picha. Hilo la picha lilikuwa kweli, ila tulikuwa tunatafuta picha moja tu.

Mwaka 1953, katika maonyesho ya kilimo ya Mbale, mpiga picha wa Kihindi kutoka Jinja alimpiga picha binti yetu wa pekee, Roselyn. Alikuwa na miaka minne, na hakupigwa nyingine maishani. Baada ya wiki tatu ilikuja kadi: picha i tayari, njooni muikague kabla haijatiwa rangi. Niliitia kadi ile ndani ya kitabu cha hesabu, nikasema tutakwenda likizo ijayo. Mwisho wa muhula nilirudisha vitabu vyote stoo. Mwezi Januari surua ilimuua Roselyn ndani ya siku tano. Kadi haikuonekana tena, na jina la studio lilikuwa kwenye kadi hiyo tu.

Orpah hakunilaumu hata siku moja. Aliacha tu kuniita Baba Roselyn. Akaanza kuniita Mwalimu, kama wanavyoniita watu wa sokoni. Kisha, Juni ya mwaka ule wa safari, alinisimamisha mlangoni akasema, "Mwalimu, sura yake inanipotea. Nakumbuka sauti tu." Ndipo nilipokata tiketi za basi.

Jumatatu tulianza na barabara kuu. Studio za Jinja hutundika kazi zao bora dirishani, na nyingine ndani, tangu sakafu hadi dari. Tulitazama mabibi arusi, makarani walioegemea baiskeli zisizo zao, Masingasinga wenye medali za vita. Orpah alitazama kila uso bila haraka. Mimi niliwauliza wenye studio kama waliwahi kufika maonyesho ya Mbale. Wawili wa kwanza walisema hapana.

Mchana tulikula ngege wa kukaanga kwa Isabirye, Msoga mnene mwenye hoteli ya meza nne karibu na soko.

"Mwalimu," alisema, "unakula kama mkaguzi wa shule. Samaki wangu amefaulu au amefeli?"

"Amefaulu."

"Basi mbona mama hajamgusa wake? Mama, huyu jana alikuwa ziwani. Amekuja kwa ajili yako. Usimwaibishe."

Orpah alitabasamu kidogo, akala upande mmoja.

Jumanne tulipata studio mbili na sambusa zilizopoa. Jumatano alasiri tuliingia ukumbi wa mji, ambako mabibi wa Kizungu walikuwa wameonyesha picha walizochora wenyewe. Orpah alisimama mbele ya picha ya jabali la Wanale, lile tunaloliona kila asubuhi kutoka uani kwetu.

"Wameuchora mlima wetu," alisema, "lakini hakuna moshi wa jiko hata mmoja. Watu wamekwenda wapi?"

Mlinzi wa ukumbi alimsikia. "Walikuwa nyuma, mama, wakimshikia mchoraji mwavuli."

Alicheka mwenyewe. Orpah aliendelea kuutazama mlima.

Alhamisi asubuhi, mwisho wa kichochoro, tuliingia studio ya tano. Mwenyewe aliitwa Yashwant. Nilipotaja Mbale, aliitikia mara moja.

"Ndiyo, nilikwenda. Mvua kubwa! Hema yangu ilianguka juu ya mkuu wa wilaya."

Alifungua daftari la wateja. Namba 412: mtoto wa kike, Mbale, Mwalimu Cleophas. Orpah alishika meza kwa mikono miwili. Yashwant akaingia chumba cha nyuma, akakaa sana, akarudi mikono mitupu.

"Mwalimu, sitakudanganya. Sisi tunapiga kwa kioo: picha inakaa juu ya kioo, karatasi tunatoa mteja akija. Picha isiyochukuliwa miaka miwili, kioo chake naosha kwa maji moto na magadi, nakata, natia kwenye fremu ya mteja. Studio zote ndogo zinafanya hivi. Namba 412 nimeosha."

"Kioo chenyewe kiko wapi?" aliuliza Orpah.

"Kiko juu ya uso wa mtu mwingine, mama. Sijui nani."

Orpah alisema, "Haya," akachukua mkoba wake.

"Ngoja, mama."

Aliyesema ni Induben, mke wa Yashwant, aliyekuwa dirishani akipaka mashavu ya bibi arusi kwa brashi nyembamba. Kazi ya kutia rangi ilikuwa yake. Kwa kuwa kamera haioni rangi, yeye hufuatana na mumewe na kuandika rangi za kila mtu anayepigwa. Alitoa daftari lake la Kigujarati, akatafuta namba, akatusomea kwa Kiswahili, polepole.

"Gauni la manjano. Kola nyeupe. Vifungo vitatu: viwili vyeupe, kimoja chekundu. Kovu dogo juu ya jicho la kushoto, lisifutwe. Hacheki. Anamtazama mama yake, si kamera."

Orpah aliketi.

"Kifungo chekundu kilikuwa cha sweta yangu," alisema. "Cheupe kilidondoka asubuhi ile ile. Nilishona hicho chekundu mbiombio, nikaona aibu siku nzima. Na kovu. Aliangukia kizingiti. Nilikuwa nimelisahau kovu." Akafumba macho. "Soma tena."

Induben alisoma mara nne. Mara ya nne Orpah alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila neno, macho yake bado yamefumbwa, kama mtu anayekagua kitu kilicho mbele yake.

Niliyaandika maneno yale kwenye karatasi, kwa mwandiko ninaotumia ubaoni. Yashwant alitaka kuitia karatasi kwenye fremu. Aliponyoosha mkono kuchukua kioo katika rundo la vioo vilivyooshwa, alisita.

"Chochote tu," Orpah alimwambia. "Tia."

Mchana tulirudi kwa Isabirye. Orpah aliiweka fremu mezani, mbali na mchuzi.

"Baba Roselyn," alisema, "agiza samaki wawili. Wangu nitammaliza."

Niliivuta fremu karibu yangu kabla sijaagiza. Isabirye alisimama kando ya meza akingoja, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakufanya mzaha.