Kitambaa cha Kompyuta

Gerishom alikuwa na ugonjwa wa wanaume wanaojua umeme kidogo: hakuna kitu kilichofanya kazi vizuri nyumbani kwake bila yeye kutaka kifanye zaidi. Mwaka wa tisini na tisa, akiwa mtu wa kompyuta katika hoteli moja ya Diani, alinunua Mombasa kadi ya picha, ile inayochora picha za kompyuta kwenye skrini, iliyokwisha kutumika, akaitia kwenye kompyuta yake chumbani Ukunda, kisha akaizidishia kasi kuliko ile iliyotoka nayo kiwandani. Alitaka mchezo wake wa kurusha ndege uende mbio bila kukwamakwama.

Kasi ilileta joto, na joto likataka feni. Akiiunga feni kwenye waya wa manjano wa kompyuta, wenye umeme mwingi, ilinguruma hata mkewe, Kache, asisikie anachoulizwa. Akiiunga kwenye mwekundu, wenye umeme mdogo, ilizunguka taratibu, chumba kikatulia, na baada ya muda ndege ikaganda angani. Hatimaye akatumia nyaya zote mbili kwa pamoja, mwekundu ukipunguza nguvu za wa manjano, feni ikapata mwendo wa kati. Ndege iliruka vizuri na watu waliweza kuzungumza.

Mazungumzo yenyewe ndiyo hayakuwapo. Tangu watoke hospitali bila mtoto waliyemtarajia, Kache, binti wa Kinango aliyekuwa hanyamazi hata akiosha vyombo, alisema ya lazima tu. Uzi mweupe aliokuwa akimfumia mtoto shali aliuweka mbali, na sindano hakuigusa. Gerishom hakujua la kumwambia. Alijificha kwenye ndege zake, na akaona haya kwa hilo.

Jioni moja alirudi kazini akakuta kompyuta imevishwa kitambaa cheupe cha maua ya kufuma, kimeshuka hadi nyuma. Redio ilikuwa na chake, chupa ya chai chake, makochi vyao. Nyumba ya watu haikai uchi. Kache alisema tu kwamba aliona haifai kompyuta ikae kama si ya humo ndani. Gerishom aliutambua uzi ule, akafurahi.

Siku hiyo hiyo ndege ikaanza kuganda. Gerishom akalaumu joto la pwani, akalaumu chumvi ya hewani, akalaumu umeme. Aliirudisha feni kwenye waya wa manjano, ikanguruma, na ndege ikaganda vilevile. Ajabu ni kwamba kila alipofungua sanduku la kompyuta kulikagua, mambo yalikwenda sawa. Akishalifunga, alikitandika kitambaa kwa adabu zote, akakinyoosha pembe, na shida ikaanza upya. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini huyu alistahili kuambiwa.

Mkono wake ndio uliomwambia. Alikuwa akinyoosha ile pembe ya nyuma akahisi kitambaa ni cha moto, kama nguo iliyotoka kwenye pasi. Kilikuwa kimefunika matundu ya kutolea joto.

Kache alikuwa ameketi kitandani, sindano mkononi, akifuma kingine cha meza. Gerishom alivitazama vidole vyake. Hata kukikunja kitambaa kidogo tu, angeulizwa sababu, na akishaisema, vidole vile vingeweza kusimama tena. Aliogopa jambo hilo kuliko kitu chochote.

Akairudishia kadi kasi yake ya kiwandani, akaiunga feni kwenye waya mwekundu, akakiacha kitambaa mahali pake. Joto lililobaki lilikuwa dogo, likapenya katikati ya maua. Ndege ikawa inajikokota.

Kache aliitazama kwa siku kadhaa kabla ya kuuliza.

"Mbona siku hizi ndege yako yaenda polepole?"

"Sina haraka nayo."

Chumba kilikuwa kimya, feni haisikiki. Kache alimaliza mstari mmoja, akaigeuza kazi yake mapajani.

"Tungemwita Rispah," alisema, "kama mamako."

Gerishom aliinuka akaenda kukaa kando yake, akaushika mkono wenye sindano. Nyuma yao ndege ilianguka, na hakuna aliyegeuka kuitazama.