Gia ya Tatu

Gari lilianza kutetemeka kabla hatujafika getini. Kaka yangu akazima mota, tukabaki tumekaa, tukinusa rangi mpya.

"Si nilikwambia?" akasema. "Giaboksi ya kizamani ile tungeitupa. Mota ya umeme haina haja nayo."

Yeye ni fundi umeme, mimi ni fundi wa giaboksi, na gari ni la mama. Alisambaza mikate nalo miaka na miaka, mpaka goti lake la kushoto likagoma kukanyaga klachi, na injini nayo ikafa. Tangu hapo akawa mtu wa dirishani, akiwauliza wapita njia wanakwenda wapi. Ndipo tukaamua kulitia mota ya umeme na kung'oa pedali ya klachi. Giaboksi, mama alikataa katakata itolewe.

"Mkiitoa hiyo, nami nitoeni. Nataka kuendesha, sitaki kubebwa."

Siku ile gari lilipotetemeka, kaka aliondoka bila kuaga. Nikajilaza chini ya gari, nikafungua nilichokuwa nimefunga. Meno ya gia yalikuwa mazima, yamelainika kwa kazi kama mpini wa jembe. Tatizo lilikuwa pale mota inapoungana na giaboksi: bamba alilochonga kaka na kiungo nilichochonga mimi vilipishana unene wa ukucha. Kila mmoja alikuwa amepima kivyake.

Nikampigia simu. "Njoo tupime pamoja."

"Nani kakosea?"

"Wewe njoo kwanza."

Alikuja. Tulipima, tukabishana, tukapima tena. Fundi wa kukereza vyuma akatuchongea kiungo kipya. Tulipowasha, gari lilitulia tuli.

Mama akashika usukani, sisi tukakaa nyuma kama watoto wa shule. Akaanza na gia ya pili.

"Mbona halingurumi? Nitajuaje wakati wa kubadili?"

"Mkono utakwambia, mama. Achia mafuta..."

"Mafuta gani?" kaka akaangua kicheko.

"Achia pedali, subiri kidogo, kisha sukuma taratibu."

Akaachia. Mkono wake wenye mishipa ukangoja juu ya gia, ukisikiliza. Kisha ya tatu ikaingia bila kelele, na mabega ya mama yakashuka.

Akazunguka mtaa mzima, akasimama mbele ya nyumba.

"Shukeni."

Tukashuka. Tulidhani anataka kuliingiza ndani, nikaenda kumfungulia geti. Nilipogeuka, gari lilikuwa limeshafika kwenye kona, taa ya kushoto ikiwaka na kuzimika.

"Anakwenda wapi?" kaka akauliza.

Sikujua. Nikaliacha geti wazi.