Utanipa Ukipona

Kijiwe chetu cha teksi kilikuwa kimeegemea ukuta wa hospitali, kwa hiyo abiria wetu walikuwa wa namna mbili tu: wanaoumwa na wanaowauguza. Na kwa kuwa mkate wetu ulitoka kwa wagonjwa, tulikuwa na mwiko. Nauli ya mgonjwa unapokea, lakini bakshishi yake hupokei. Akikunyooshea ile ya juu, ya asante, unaisukuma kwa kiganja na kumwambia, "Baki nayo, utanipa ukipona." Tuliamini kwamba mtu mwenye deni la asante hafi upesi, amefungwa kamba mguuni, na ncha ya kamba anayo dereva.

Nani aliuanzisha mwiko huo sijui. Mimi nilikuwa nikiwaambia wageni kwamba dereva mmoja wa zamani alimgeuza mgonjwa mlangoni mwa mochwari, akamrudisha kwake akiwa hai, na bakshishi yake akaja kulipwa mgonjwa akiwa na vitukuu. Wengine waliamini, ndiyo maana sijaacha.

Kati yetu, aliyeushika mwiko kwa mikono miwili ni Kobe. Jina alilipata kwa uendeshaji wake. Siku moja alipitwa na msafara wa mazishi, na nasikia marehemu mwenyewe aligeuka kumtazama. Lakini wagonjwa walimpenda, maana kwenye mashimo alipita kama anabeba mayai.

Bi Sindano alikuwa abiria wake tangu akiwa mzima. Alikuwa fundi cherehani, na Kobe ndiye aliyempeleka kwa wateja na mafurushi yake ya nguo. Ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi. Alichokushonea kingechakaa, alichokuambia kingebaki. Na kila safari alitoa bakshishi, hata siku ambayo mteja kamdhulumu. Alikuwa akisema, "Anayetoa ni abiria. Asiyetoa ni mzigo."

Figo zake ziliposhindwa kazi, akapangiwa siku za kusafishwa damu kwa mashine. Kobe akawa anampeleka na kumrudisha. Safari ya kwanza bibi alinyoosha mkono kama kawaida yake, na Kobe akausukuma kwa upole: "Baki nayo, mama, utanipa ukipona." Bibi akairudisha noti pochini. Safari iliyofuata akajaribu tena, ikawa vilevile. Kobe aliponihadithia alikuwa anatabasamu. Alidhani amemfunga kamba imara.

Baadaye, siku ya mashine ilipofika, Kobe alipiga honi mlangoni kwa bibi na hakutoka mtu. Hatimaye binti yake akachungulia, akasema mama amechoka, hatakwenda. Siku ya mashine iliyofuata, jibu likawa lilelile, na cherehani ilikuwa inatolewa nje, apewe jirani.

Kesho yake binti alikuja kijiweni, macho mekundu. Akamuuliza Kobe alimwambia nini mama yake. Kobe akaapa hajasema neno baya. Ndipo binti akaeleza: mama alimuuliza jirani, mke wa dereva mwenzetu mmoja, kwa nini Kobe anamkataa, na jirani akamjibu kwamba madereva wa pale wana mwiko, hawachukui bakshishi ya mtu wa kufa. Wamewabeba wengi, wanawajua kwa kuwatazama tu. Toka hapo mama akageukia ukutani. Alisema kama hata dereva amekata tamaa, mashine ya nini.

Kobe alinichukua nami, maana mimi ndiye mwenye mdomo. Tulimkuta kitandani, uso umevimba, miguu kama mito, tepu ya kupimia nguo bado imening'inia msumarini.

"Mmekuja kupima jeneza?" akauliza.

Nikaanza kumweleza habari ya kamba, kwamba mwiko ule ni wa kumfunga mtu abaki na si wa kumuaga. Akanikata.

"Wewe nyamaza. Wewe hata ukinisalimia natafuta shahidi." Akamgeukia Kobe. "Mwanangu, wewe husemi uongo. Umeona nini usoni mwangu?"

"Sijaona kitu, mama."

"Basi chukua." Akatoa noti chini ya mto. "Ukichukua, naamka. Usipochukua, nendeni zenu, mniache nimalizie."

Kobe alinitazama. Mimi nikaitazama ile tepu. Nilimjua yule mtu. Alikuwa anaamini kabisa kwamba akiishika noti ile, anaikata kamba kwa mkono wake mwenyewe. Aliishika. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Binti," bibi akasema, "niletee viatu vyangu."

Njia nzima alimsimanga Kobe, akimwambia hata mama yake alipomzaa lazima alichelewa kutoka. Kobe akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikuweza kujua yalikuwa ya kicheko tu.

Hospitalini walimpokea mbio, wakamuunganisha na mashine. Moyo wake ulisimama kabla jua halijatua. Muuguzi alipotoka alituambia taratibu, bila kulaumu, kwamba sumu ilikuwa imeshajaa mwilini. Angekuja siku zile mbili alizokosa, huenda leo tungekuwa tunamrudisha nyumbani.

Habari mbaya haina breki, ilitutangulia kijiweni. Binti, kwa wema wake, alishawasimulia madereva jinsi Kobe alivyopokea noti na mama akakubali kuinuka. Alidhani anamsifu. Tulipofika walikuwa wamesimama wote, na mwenyekiti wa kijiwe mbele yao.

"Ulichukua?"

"Nilichukua."

"Na mwiko unaujua."

"Naujua."

Nikamvuta Kobe pembeni. Nikamwambia kama yeye hasemi, nitasema mimi: kilichomuua bibi si noti iliyopokelewa, ni zile zilizokataliwa. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Ukiwaambia, kila mmoja ataanza kuwakumbuka wa kwake. Mwenyekiti yule amekataa bakshishi za wagonjwa tangu mimi sijajua kuendesha. Atalala vipi?"

Mwenyekiti hakuwa amemaliza. "Umeua mtu kwa tamaa, Kobe."

"Ndiyo, mwenyekiti."

Akahukumiwa mkia wa foleni, wasimuachie abiria mpaka wao watakapotosheka. Magari yetu pale tuliyasogeza kwa kusukuma, kuokoa mafuta, na kila anayesukuma alisaidiwa na wa nyuma yake. Kobe akafungua mlango, akashika usukani kwa mkono mmoja, akaweka bega kwenye fremu na kuanza kulirudisha gari nyuma peke yake. Nikaenda kumsaidia. Akatikisa kichwa.

"Wewe kaa nao," akasema. "Na uwe umenyamaza."